Walaji wa Mwisho

Desideria aliutua mkungu wa ndizi miguuni pa Perpetua kama mtu anayetua ushahidi mbele ya hakimu.

"Siku tisa!" alisema. "Siku tisa nimeutundika kwenye bomba lako la pumzi, linalotoa hewa ya tangi, na bado ni mbichi kama ulivyoshuka mlimani. Kesho nina harusi ya mwanangu. Nitawapa wageni nini, watafune nyimbo zako?"

Wanawake waliokuwa ndani ya tangi la tatu waliacha kusugua ili wacheke vizuri. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kuosha, na mtaa mzima wa Kilongo ulikuwa umekuja na mafagio yake. Tope lililokwanguliwa sakafuni mwa tangi lilikuwa linateremka mferejini, jeusi, zito, likielekea kwenye tanuri la kuchomea taka.

"Dada Desideria," Perpetua alisema bila kuutazama mkungu, "mimi natunza maji. Mambo ya ndizi kaulize sokoni."

"Miaka kumi tunaivishia hapa! Siku mbili tu, ndizi njano kama jua. Tangu uanze mambo yako ya usafi, bomba limekuwa tasa."

"Limekuwa safi. Wewe ulizoea kunuka."

Kicheko kikahama upande. Perpetua akapiga makofi mawili, akaanza wimbo, na mafagio yakarudi kazini kwa mdundo wake:

*Osha tangi litakate, tope jeusi litoke,*
*aibu na itupite, harufu isisikike.*

Aliutunga mwenyewe, miezi minane iliyopita, wiki ile wakaguzi wa Mamlaka ya Vijidudu walipokuja na leso puani. Mmoja wao alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba watu wa Kilongo wanalea uchafu na kuuita sayansi. Perpetua Mloka hakumjibu siku hiyo. Alimjibu kila Jumamosi tangu hapo. Matangi matatu ya Kilongo, ambamo vijidudu vilikula sumu ya maji ya mtaa, yalikuwa maghala ya saruji kabla hajazaliwa; sasa yaling'aa hadi yakaonekana kutoka nusu ya njia ya kupandia Uluguru, na utepe wa kupimia ambao Mamlaka ilileta kila mwezi ulitoka mweupe kabisa. Mweupe maana yake hakuna sumu. Hakuna mtaa mwingine nchini uliopata utepe mweupe bila vijidudu vya kampuni.

Mtu mmoja tu hakucheka wala kuimba. Fundi Sekiboko, aliyekuwa amechuchumaa kwenye pampu na spana mkononi, aliuinua mkungu, akaunusa, akaukagua kidole kwa kidole.

"Mtani," Perpetua alimwita, "nanyi Wazigua mmeanza kupimia maji kwa ndizi?"

Kwa kawaida Sekiboko angelipa tusi kwa tusi, kwa kuwa yeye ni Mzigua na Perpetua ni Mluguru, na utani wa makabila yao haukuwahi kukosa jibu. Safari hii hakulipa.

"Nipe chupa ya maji yanayotoka," alisema. "Yanayotoka, si yanayoingia. Ijaze mpaka juu, isibaki hewa."

*

Karakana ya Sekiboko ilikuwa na harufu ya nyaya zilizoungua. Mashine yake ya kutenganisha gesi aliiokota kwenye jalala la maabara moja, akaihangaikia miaka miwili hadi ikafufuka. Ilichora milima midogo kwenye kioo, kila gesi mlima wake, kila mlima mahali pake.

Mlima wa kwanza, mahali pa trikloroethilini, haukuwepo. Hiyo ndiyo sumu iliyomwagwa ardhini kwa miaka arobaini na kiwanda kilichokuwa kikiosha mota za ndege za mizigo, nyuma ya mtaa. Watu wa Kilongo waliiita Mama.

Mlima wa mwisho, mahali pa ethilini, nao haukuwepo.

"Ethilini ndiyo iliyokuwa inaivisha ndizi," Sekiboko alisema. "Gesi hiyo hiyo ndizi huitoa yenyewe ikianza kuiva. Ilikuwa inatoka kwenye bomba lako kwa sababu wadudu wako walikuwa wanamaliza kazi."

"Na ule?" Perpetua alionyesha. Katikati ya kioo kulikuwa na mlima mmoja, mrefu, mwembamba kama sindano.

Sekiboko alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Sikiliza. Sumu ile ni nyumba yenye makufuli matatu, kila kufuli ni klorini. Wadudu wengi wanaweza kufungua la kwanza. Wengi wanafungua la pili. La tatu anaweza mmoja tu, mvivu wa kuzaa, anayechukia hewa, asiyepanda juu. Anakaa chini, kwenye tope jeusi."

Perpetua aliusogelea ule mlima kama sindano. Hakuhitaji kuambiwa mengine. Kitabu cha matangi alikuwa amekisoma peke yake mpaka karatasi zikachanika. Alijua nyumba yenye kufuli moja inaitwaje. Kloridi ya vinili. Mwana, aliye mkali kuliko Mama. Utepe wa Mamlaka haukumjua Mwana. Utepe ulimtafuta Mama tu, na Mama alikuwa ameliwa.

"Husababisha nini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Saratani ya ini. Polepole. Kwa anayekunywa kila siku." Kisha mtani akajaribu, kwa sauti iliyokatika, kufanya kazi yake: "Nilisema siku zote, Waluguru mtakuja kuuawa na usafi..."

Hakumaliza. Perpetua alikuwa ameshatoka, anakimbia, na hakusimama mpaka alipozungusha gurudumu la valvu kuu kwa mikono miwili na kusikia maji ya Kilongo yakifa ndani ya mabomba.

*

"Umefanya vizuri kufunga," Mjomba Venansi alisema. "Sasa keti."

Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya matangi, na zaidi ya hapo alikuwa kaka wa mama yake. Katika ukoo wao neno la mjomba lilisikilizwa kabla ya neno la baba. Perpetua hakuketi.

"Tutatangaza pampu imekufa," mzee alisema. "Magari ya maji yatakuja kutoka mjini, hakuna atakayekunywa tone la hapa. Wewe na Sekiboko mtachota tope jipya pale shimoni nyuma ya kiwanda, walikomwaga sumu, mnalirudisha ndani, mnalilea. Siku ngapi?"

"Sitini. Labda zaidi. Wanazaana polepole."

"Sitini. Ndizi zitaiva, utafungua maji, na dunia itaendelea. Nani amedhurika na uongo huo? Nitajie mtu mmoja."

"Wote waliokunywa miezi minane, Mjomba. Ini haliumi mapema. Mtu akijua alichokunywa atapimwa kila mwaka, kivimbe kitaonekana kikiwa kama punje ya mtama. Asipojua atakwenda hospitali siku ambayo daktari atamwambia arudi nyumbani akaage."

Mzee hakuwa mtu mbaya. Maghala yale aliyageuza kuwa matangi kwa mabega yake, mfuko kwa mfuko.

"Sheria unaijua," alisema hatimaye. "Vijidudu visivyo na muhuri vinaruhusiwa mpaka siku ya kosa la kwanza. Ukitamka tu, gari la mvuke linakuja. Watapika matangi, watamimina zege kwenye shimo, na mbegu yetu itakwisha duniani. Baada ya hapo ni vijakazi."

Vijakazi ndilo jina la mtaani la vijidudu vya kampuni. Viliwaka buluu chini ya taa ya muhuri, ishara kwamba ni vya kampuni, vilifanya kazi bila dosari, na vilikufa vyote siku ya thelathini visipopewa dawa iliyotengenezwa na kampuni hiyo pekee. Mtaa uliokorofishana na kampuni uliamka na tangi la maiti na bomba la sumu.

"Wetu walijizalia kwenye tope hili," mzee alisema. "Tuliwamwagia sumu wakajifunza kuila. Hakuna aliyewatengeneza. Unataka kuwaua kwa sababu ya ulimi wako?"

"Niliwaua kwa fagio langu, Mjomba. Kwa sababu mtu mmoja alishika leso puani nami nikaona aibu." Alijifuta viganjani kutu ya valvu. "Kwa hiyo sitaona aibu mara ya pili. Watu wataambiwa leo. Na gari likija, mbegu hawaipati. Yote mawili."

"Yote mawili hayawezekani."

"Basi utaniona nikishindwa."

*

Aliwaambia saa nne asubuhi ile ile, kwenye bomba kuu, ambako watu walikuwa wamejipanga na ndoo wakiulizana maji yamekwenda wapi. Alipanda juu ya kizingiti cha zege na hakutafuta neno laini. Alisema Mama ameliwa na Mwana amebaki. Alisema tangu lini. Alisema ni kwa nini: tope jeusi walilolifagia kila Jumamosi ndimo walimokaa walaji wa mwisho, na aliyeamuru lifagiliwe ni yeye.

Ndoo moja ilitupwa, ikabingirika mpaka miguuni pake.

"Nilikuja kwako!" Ilikuwa Desideria. "Wiki tatu zilizopita nilikuja na mkungu mwingine, na leo tena nikaja, nikakwambia ndizi haziivi! Ukaniambia nilizoea kunuka!"

"Ulikuja. Nilikudharau."

"Binti yangu ana mimba ya miezi sita, Perpetua. Maji ya hapa! Ukatuimbisha! Tumejiwekea sumu wenyewe huku tunacheza!"

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo! Jitetee nikupige!"

Perpetua hakujitetea. Mtu mmoja nyuma alipiga kelele kwamba afungwe, mwingine kwamba Mamlaka iitwe sasa hivi. Alingoja. Sauti zilipochoka alisema:

"Mamlaka itakuja bila kuitwa. Leo mchana hospitali itaanza kuandika majina yenu, na kwenye kila cheti nimemwomba daktari aandike jina la sumu, ili asiwepo wa kuwaambia baadaye ni malaria. Hilo ni moja. La pili nawaomba, na mna haki ya kunitemea mate. Shimo la kiwanda bado lina tope. Watakuja kulipika na kulizika. Wakifaulu, wajukuu zenu watakunywa maji kwa ruhusa ya kampuni. Nahitaji madumu. Kila nyumba dumu moja, lijazwe tope na pumba na molasi mpaka mdomoni, lifungwe lisipate hewa, likae gizani kama pombe inayochachuka. Hamtanisamehe kwa hilo. Siombi msamaha, naomba madumu."

Desideria aliokota ndoo yake na kuondoka, na wengi wakamfuata, na Perpetua alibaki kwenye kizingiti akitazama migongo.

Saa nane alikwenda shimoni na koleo, yeye na Sekiboko, na madumu manne.

"Manne hayatoshi hata kuivisha ndizi moja," Sekiboko alisema.

"Chimba."

Walichimba. Tope lilitoka jeusi kama wino, likinuka mayai yaliyooza, na Perpetua alilipokea kwa mikono mitupu. Walikuwa wamefunga dumu la tatu Sekiboko aliponyoosha mgongo, akapiga mluzi wa chini.

Watu walikuwa wanashuka njia ya kiwanda. Hawakuimba. Wengine walikuwa wangali na pamba mkononi pale walipotolewa damu. Desideria alikuwa mbele na madumu mawili, moja la kwake na moja la binti yake, na alipofika hakumsalimu mtu.

"Jaza," alisema. "Na usinitazame."

*

Gari la mvuke lilifika siku ya sita, kubwa kama nyumba, na nyuma yake malori mawili ya zege. Ofisa aliyeshuka aliitwa Bwana Ng'wandu. Hakuwa na leso puani. Alivua kofia, akamwamkia Mjomba Venansi kwa adabu zote anazopewa mkubwa, kisha akamgeukia Perpetua.

"Dada, nimesoma taarifa yako yote. Mtu mwingine angeficha."

"Mtu mwingine hakufagia."

Watu wake walipanda kwenye matangi na taa za muhuri. Haikuwachukua muda. Matangi yote matatu yalikuwa matupu, makavu, hata ukungu ukutani haukuwepo. Kule nyuma ya kiwanda shimo lilikuwa limekombwa mpaka kwenye mwamba.

Bwana Ng'wandu alisikiliza ripoti yao, akatazama mtaa: nyumba mia tatu, mabati, milango iliyofungwa, watu waliosimama mbele ya milango hiyo na mikono kifuani. Alielewa. Alimshika Perpetua kiwiko, akamsogeza pembeni, lakini Desideria na Mjomba Venansi waliwafuata bila kualikwa.

"Nisikilize kama kaka yako," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nilikulia pembeni mwa machimbo, najua kunywa maji kwa ruhusa ya wengine. Nitawasha mvuke. Nitapika matangi haya matupu saa mbili nzima, nitaandika: *vijidudu vya Kilongo vimeangamizwa*. Utatia sahihi, nami nitaondoka. Kampuni italeta vijakazi wake, mtawaweka tangi la kwanza. Mtakachoweka tangi la tatu, mimi sitarudi kukitazama. Kila mtu amepona."

Mjomba Venansi alivuta pumzi ndefu. "Mungu akubariki, mwanangu. Perpetua, sahihi."

Ofisa alimpa kibao cha kuandikia. Ilikuwa njia nyeupe, iliyofagiwa vizuri. Perpetua aliisoma karatasi mstari kwa mstari, kama alivyozoea kusoma kila kitu, na alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Vimeangamizwa," alisoma. "Basi maji yakiwa safi mwakani, yatakuwa yamesafishwa na nani?"

"Dada..."

"Na vijakazi. Kitabu cha kampuni nimekisoma, Bwana Ng'wandu. Wanafungua makufuli mawili. La tatu hawana. Mitaa mingapi inakunywa Mwana sasa hivi, na utepe wenu unatoka mweupe? Mmewahi kupima?"

Ofisa aliyageuzia macho malori ya zege.

"Mnaye mlaji mmoja tu nchini anayefungua kufuli la tatu, na unataka niandike kwamba amekufa. Akishakufa kwenye karatasi hamna wa kumtafuta, hamna wa kumwombea mtaa mwingine. Tutamlea uvunguni kama mtoto wa haramu, na huko kwingine watu wataendelea kufa wakiwa na cheti cha usafi."

"Ukikataa nitalazimika kupekua. Na wewe nitakuchukua leo. Ni kifungo, si onyo."

"Perpetua," Mjomba Venansi alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anaomba. "Amekupa mlango. Pita."

"Nimeupita mlango kama huu, Mjomba. Nilipewa utepe mweupe nikanyamaza, nikaendelea kuimba." Alichukua kalamu, akakata neno *vimeangamizwa* kwa mstari mmoja uliopasua karatasi, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: *VIKO HAI. VIKO KILONGO. VINAFANYA KAZI AMBAYO VYENU HAVIWEZI. PIMENI.* Akaweka sahihi, na chini ya sahihi akaandika jina lake lote ili asiwepo wa kusema halisomeki.

Bwana Ng'wandu aliipokea karatasi kwa vidole viwili. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyepewa kitu kizito kuliko alivyokadiria.

"Hii nikiifikisha," alisema, "italazimu kila tangi nchini lipimwe upya."

"Ndiyo kazi yake."

"Lete hapa," Desideria alisema.

Aliinyakua karatasi mkononi mwa ofisa, akamtazama Perpetua usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bombani. Hapakuwa na huruma machoni pake. "Ukitoka kifungoni mimi ndiye nitakayekushitaki kwa ajili ya binti yangu. Umesikia? Usije ukadhani nimesahau."

"Nitakuja mwenyewe."

"Utakuja." Akaandika jina lake chini ya lile la kwanza, polepole, kwa mwandiko wa mtu ambaye haandiki mara nyingi, akairudisha karatasi kwa ofisa.

Bwana Ng'wandu aliyasoma majina mawili, akavaa kofia yake. "Mama, sheria inanilazimisha kuuliza. Lile tope liko wapi?"

"Ndani," Desideria alisema. "Nyumba mia tatu. Anza na kwangu, mlango ule wa kijani." Akamtazama ofisa kuanzia kofia mpaka chini, macho yakaishia kwenye viatu. "Ila viatu utavua nje."